Kabla Ununue Kamera ya Kuweka Ukungu Nyuma, Sikia Hadithi ya Kamkoda

Wasee, swali ambalo huingia kwa inboksi yangu karibu kila wiki ni moja: "Buda, niko na elfu arobaini, nichukue kamera gani?" Wachache huuliza kama wanaweza kuanza na kamkoda ya zamani iliyolala kwa kabati ya mama. Hao wa pili huchekwa sana kwa komenti. Kamkoda? Ile kitu ya kanda? Ya kurekodi harusi za 1998?

Leo sipendekezi modeli yoyote. Nataka nieleze vile tulitoka kwa kamkoda tukaingia kwa hizi kamera za bei ya chini za kubadilisha lenzi, kwa sababu naona watu wa rika langu wanajua bei za kamera vizuri sana, lakini hawajui ni kwa nini kamera hizo ziko vile ziko. Na usipojua hiyo, utalipia kitu kimoja mara mbili.

Msimamo wangu nautoa mapema ndio ukitaka kunibishia uanze kujipanga. Kamera ya kubadilisha lenzi ilimpa msee wa kawaida picha ya sinema, na hayo ni mapinduzi ya ukweli. Lakini kuna vitu vitatu ambavyo kamkoda ilikuwa navyo na hatukuvihesabu wakati wa kuhama: sauti, muda, na kumbukumbu. Mpaka leo tunavilipia.

Mashine moja, kazi zote

Mwaka 1983 Sony walitoa Betamovie, kamkoda ya kwanza ya kuuzwa kwa watu wa kawaida. Kabla ya hapo ulibeba kamera begani na mashine ya kunasa kanda ikining'inia upande mwingine, kebo katikati, kama fundi wa simu. Betamovie iliweka vyote ndani ya boksi moja. Haikuweza hata kukuonyesha ulichorekodi. Ilibidi urudi nyumbani, uweke kanda kwa deki, ndio ujue kama kuna kitu. Mwaka uliofuata JVC wakaleta GR-C1, ndogo zaidi, ya kanda za VHS-C. Kama umewahi kuona filamu ya Back to the Future ya 1985, ile kamera Marty anashika ndiyo hiyo.

Afrika haikungoja sana. Nigeria, mwaka 1992, ikatoka Living in Bondage, hadithi ya Kiigbo iliyorekodiwa kwa video na kuuzwa moja kwa moja kwa kanda za VHS. Haikupitia sinema wala haikungoja filamu ya milimita 35 isafirishwe maabara ng'ambo. Ilienda sokoni, watu wakanunua, na tasnia nzima ya Nollywood ikasimama juu ya mfano huo. Kifaa kilichoifanya iwezekane ni video, ile ile teknolojia ambayo leo tunaichekelea.

Mwaka 1995 kukaja hatua nyingine: DV. Sasa picha ilikuwa dijitali, ndani ya kanda ndogo inayoenea kwenye kiganja. Sony VX1000 ya mwaka huo ilikuwa na sensa tatu (sensa hapa si ile ya kuhesabu watu, ni kile kidude ndani ya kamera kinachopokea mwanga), na ilikuwa na tundu la FireWire. Hilo tundu ni muhimu kuliko linavyosikika. Zamani ukinakili kanda kwenda kanda nyingine, picha ilichakaa kidogo kila mara. Kwa FireWire ulihamisha video hadi kompyuta bila kupoteza kitu. Ghafla msee mmoja na kompyuta moja walikuwa studio.

Huku Nairobi, wasee wa River Road walielewa hiyo haraka. Riverwood ikazaliwa: vichekesho na drama kwa Kikuyu, Kikamba, Kiswahili, zikirekodiwa kwa siku chache, zikiunganishwa kwa kompyuta kwenye chumba kidogo juu ya duka, halafu zikauzwa kwa VCD. Kama ulikulia mtaa wowote wa Nairobi au mji wa Mlima Kenya miaka ya 2000, ulizitazama. Kwa gari la kwenda ushago, kwa kinyozi, kwa hoteli ya chai na mandazi. Picha haikuwa ya kifahari. Lakini ulisikia kila neno, na kichekesho bila neno ni nini?

Hapo ndipo ukubwa wa kamkoda ulikuwa. Ilikuwa mashine moja iliyofanya kila kitu. Zumu ilikuwa kwa kidole. Maiki ilikuwa ndani, na tundu la kusikilizia lilikuwepo. Zile za kikazi zilikuwa na matundu ya XLR ya kuchomeka maiki za maana, na kioo cha ndani cha kupunguza mwanga ukitoka nje kwa jua la saa saba. Kanda moja ya MiniDV ilibeba dakika 60 bila kusimama. Mtu mmoja aliweza kurekodi harusi nzima, kutoka maombi ya asubuhi hadi keki, na arudi nyumbani na sherehe yote ndani ya begi.

Tatizo lilikuwa milimita tano

Kama ilikuwa tamu hivyo, kwa nini tukaiacha?

Chukua rula. Sensa ya kamkoda ya kikazi ya enzi hizo ilikuwa ya inchi 1/3, na upana wake ni kama milimita 5. Fremu ya filamu ya sinema, ile inaitwa Super 35, ina upana wa karibu milimita 25. Ukubwa huo ndio huamua kitu ambacho jicho lako linakitambua kabla hata hujajua jina lake: kina cha fokasi. Sensa ikiwa ndogo, karibu kila kitu mbele na nyuma kinaonekana vizuri. Bibi harusi yuko wazi, na yule mjomba anayekula wali nyuma yake pia yuko wazi, na bango la duka la dawa ng'ambo ya barabara unalisoma bila shida. Sensa ikiwa kubwa, na lenzi ikifungua wazi, bibi harusi anabaki peke yake na dunia nyingine inageuka rangi laini.

Watu waliita hiyo "sura ya sinema", na bila hiyo kazi yako iliitwa "video", kwa ile sauti ya dharau.

Sasa, kuna walioitumia kamkoda kwa kiburi kabisa. Filamu ya Festen kutoka Denmark, ya 1998, ilirekodiwa kwa kamera ndogo ya kushika mkononi ya Sony. Mpiga picha wake, Anthony Dod Mantle, ndiye alirekodi pia 28 Days Later ya 2002 kwa Canon XL1. Ile London tupu bila watu, walifunga barabara kwa muda mfupi sana alfajiri, wakasimamisha kamera kadhaa za DV kwa haraka, wakarekodi. Kamera nzito za filamu zingekuwa bado zinafungwa kwa tripodi huku magari yakipiga honi. Halafu angalia: XL1 ilikuwa kamkoda ya kubadilisha lenzi tayari. Kwa hivyo lenzi ya kubadilisha haikuwa siri kubwa. Sensa yake bado ilikuwa ile ndogo ya inchi 1/3, kwa hivyo hata ungeweka lenzi gani, mjomba na wali wake hawangeondoka.

Mwaka 2002 pia Panasonic walitoa DVX100, ambayo ilirekodi fremu 24 kwa sekunde kama filamu. Mwendo wa picha ukafanana na sinema. Kina bado hakikufika. Watu wakaanza kutengeneza vifaa vya ajabu: unaweka lenzi ya kamera ya picha mbele ya kioo cha ukungu, lenzi inatupa picha kwenye hicho kioo, halafu kamkoda inarekodi kioo. Picha ilikuwa juu chini, mwanga mwingi ulipotea, na kifaa kilikuwa kirefu kama bomba la maji. Lakini kina kilikuwepo! Watu walilipa pesa nyingi kwa mateso hayo. Ukitaka kujua kiu ilikuwa kali kiasi gani, kumbuka hicho kioo.

2008: iliingia kwa mlango wa nyuma

Hapa kuna sehemu ambayo wengi hawaijui. Suluhisho halikutoka kwa watu wa sinema. Lilitoka kwa kamera za picha za mgando.

Agosti 2008, Nikon wakatangaza D90, kamera ya kwanza ya DSLR kurekodi video. Ilikuwa 720p, fremu 24 kwa sekunde, na kila klipu isizidi dakika 5. Haikuwa na tundu la maiki. Mwezi uliofuata Canon wakatangaza 5D Mark II, sensa yake kubwa ya milimita 36 kwa 24, video ya 1080p. Video hiyo iliwekwa ikiwalenga wapiga picha wa habari, waweze kutuma klipu fupi pamoja na picha zao magazeti yalipoanza kuhamia mtandaoni. Kwa hivyo mwanzoni ilikuwa inarekodi fremu 30 tu, na mwanga ilijiamulia yenyewe. Ungepanga shoti yako vizuri, halafu kamera inaongeza mwanga katikati kwa sababu imejisikia.

Halafu mpiga picha wa habari anayeitwa Vincent Laforet akaazimwa moja kwa wikendi kabla haijafika madukani. Akarekodi Reverie, filamu fupi ya usiku jijini New York. Ilipowekwa mtandaoni, wasee wa filamu dunia nzima wakanyamaza kidogo. Taa za jiji nyuma zikiwa miduara laini, usiku ukionekana bila lori la taa, kutoka kwa kamera ya dola 2,699. Makelele ya watumiaji yakafuata. Canon wakabadilisha programu ya ndani ya kamera: katikati ya 2009 ukaweza kupanga mwanga mwenyewe, na Machi 2010 zikaja fremu 24 na 25. Mei 2010, kipindi cha mwisho cha msimu wa sita wa House, tamthilia ya Marekani, kilirekodiwa kwa 5D Mark II. Hadithi ilikuwa ndani ya jengo lililoporomoka, nafasi finyu, na kamera ndogo ikaingia mahali kubwa haingeingia.

2010: ikafika kwa watu wetu

Watu husimulia hii hadithi na kuishia kwa 5D. Mimi naona ni kosa. Dola 2,699 bila lenzi, ni nani mtaani kwetu angenunua? Kamera iliyobadilisha maisha ya watu kama mimi ni ndogo yake, Canon 550D, iliyotangazwa Februari 2010 kwa dola 799. Ya plastiki, nyepesi, ya wanaoanza. Ndani yake: 1080p kwa fremu 24, 25 au 30, mwanga unapanga mwenyewe, na sensa yenye upana wa milimita 22.3.

Rudi kwa rula. Milimita 22.3, na fremu ya Super 35 ni karibu 25. Kwa dola 799, kamera ya mwanafunzi ilikuwa na sensa inayokaribiana na fremu ya sinema ya Hollywood, mara nne na zaidi ya upana wa ile ya kamkoda ya kikazi. Weka juu yake lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo iliuzwa kama dola 100, na mjomba wa wali akapotea. Ikawa pia unaweza kununua adapta na kuweka lenzi za zamani za Kirusi au Kijerumani ambazo watu walikuwa wanazitupa. Lenzi ilidumu kuliko kamera. Ukipata pesa, ulibadilisha bodi na lenzi zikabaki. Kamkoda ikizeeka, ulizika yote kwa pamoja.

Kwa Kenya muda ulikuwa sawa kabisa. Mwaka 2009 kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, polepole na ghali, na kuweka video YouTube ilikuwa kazi ya kulala ukingoja. Kwa hivyo ndani ya mwaka mmoja tukapata njia ya kutoa video na kifaa cha kuifanya ionekane kama kazi ya maana. Video za muziki zikabadilika sura mbele ya macho yetu. Harusi pia. Wateja wenyewe wakaanza kuuliza: "Uko na ile kamera ya kuweka ukungu nyuma?" Ukisema hapana, simu inakatwa.

Hilo swali liliua kazi za watu. Kuna wazee ambao walikuwa wamerekodi harusi miaka 15, wanajua padri atasimama wapi na mama mkwe atalia saa ngapi, na wakakosa kazi kwa sababu kamera yao ilionyesha kila kitu wazi. Naandika hivi nikiwa upande ule ulionufaika. Niliacha chuo mwaka wa pili wakati ada ilikataa kabisa, na 550D ya mkono wa pili ndiyo ilianza kunilipia nyumba. Mteja hakuuliza digrii. Aliangalia ukungu nyuma.

Vilivyobaki nyuma

Sasa tuhesabu gharama.

Sauti kwanza. 550D ilikuwa na tundu la maiki, lakini haikuwa na tundu la kusikilizia, na sauti ilijipandisha na kujishusha yenyewe. Mtu akinyamaza, kamera inapandisha mpaka unasikia upepo na friji ya jirani. Akianza kuongea, inashuka ghafla. Kwa hivyo watu wakanunua kinasa sauti pembeni, wakapiga makofi mbele ya kamera ndio wapate alama ya kuunganisha sauti na picha baadaye kwa kompyuta. Kitu ambacho kamkoda ilifanya kwa mashine moja kikawa mashine mbili na saa za ziada.

Muda wa pili. Kadi za 550D zilipangwa kwa mfumo usiokubali faili kuzidi GB 4, na video yake ilikula takriban MB 330 kwa dakika. Piga hesabu: ni dakika 12 halafu inasimama. Hata bila hilo kulikuwa na kikomo cha dakika 29 na sekunde 59 kwa kamera nyingi za aina hii. Umewahi kujiuliza kwa nini si 30? Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru wa juu zaidi kwa kifaa kinachoweza kurekodi video dakika 30 au zaidi mfululizo, kwa sababu hicho kilihesabiwa kuwa kamera ya video. Watengenezaji wakakata sekunde moja wakakwepa. Yaani karani wa forodha Ulaya aliamua ni lini kamera itasimama kwa harusi ya Murang'a.

Ongeza mambo madogo. Sensa zilikuwa zinaruka mistari ili ziweze kurekodi video, kwa hivyo paa la mabati lilitoa mawimbi ya rangi yanayocheza. Matatu ikipita kwa kasi ilionekana imeinama. Fokasi ilikuwa ya mkono, na ule ukungu mtamu nyuma unamaanisha pia kwamba bibi harusi akisogea hatua moja, yeye ndiye ukungu. Joto likizidi, kamera inaonya halafu inajizima. Watumiaji wakajitetea wenyewe: kuanzia 2009 kulikuwa na Magic Lantern, programu ya bure iliyoanzishwa na Trammell Hudson kwa 5D Mark II na baadaye ikafika kwa kamera ndogo, iliyozima ile sauti ya kujipandisha na kukuonyesha kiwango chake kwa skrini. Watu wa kawaida walirudisha vitu ambavyo kampuni haikuweka.

Niliona tofauti hii kwa macho yangu kwenye ruracio moja. Mimi nilikuwa wa kamera ya ukungu. Kando yangu alikuwa mzee mmoja na kamkoda yake ya kanda, amealikwa na upande wa bibi harusi kwa sababu ndiye aliwarekodia tangu zamani. Nyanya ya bibi harusi akasimama kuongea. Aliongea dakika 20 hivi, bila maiki, sauti ya chini, akieleza familia ilitoka wapi na ni kina nani walikufa kabla ya siku hiyo. Kamera yangu ilisimama kwa dakika ya 12 kama ilivyoundwa, nikaianzisha tena, na hapo katikati sentensi kadhaa zikapita. Baadaye tukaangalia pamoja kwa laptopu. Mzee akatazama picha zangu akatikisa kichwa kwa heshima.

"Kijana, hii picha ni safi sana," akaniambia. "Lakini shosho anasema nini?"

"Ni hii maiki, mzee."

"Basi chukua sauti yangu. Lakini kanda ibaki na mimi."

Tukatumia sauti yake chini ya picha yangu, na ile familia ikapata filamu nzuri. Ilihitaji mashine mbili za miaka tofauti, na mzee ambaye soko lilikuwa limeshaamua hana kazi.

Wakatuuzia tena

Makampuni yaliona kila kitu. Novemba 2011 Canon wakatangaza C300, kamera ya video yenye sensa ya Super 35, matundu ya XLR na vioo vya kupunguza mwanga ndani. Kwa maneno mengine, kamkoda iliyopewa sensa kubwa. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 15,000. Kwa watu wa chini vitu vilirudi kimoja kimoja. Mwaka 2011, 600D ikaja na skrini ya kugeuza na uwezo wa kupanga sauti mwenyewe. Mwaka 2013, 70D ikaja na fokasi ya Dual Pixel inayofuata uso, kitu kinachokaribia urahisi wa kamkoda. Mwaka 2018 ikaja M50, isiyo na kioo ndani, ambayo nadhani nusu ya watengeneza maudhui wa Nairobi wameishika. Ina tundu la maiki, haina la kusikilizia. Mwaka 2021 Sony wakatoa ZV-E10, ambayo ina yote mawili na haikukatii kwa dakika 30.

Angalia vizuri hiyo orodha. Maiki, kusikiliza, kurekodi bila kusimama, fokasi ya kujifuata. Vyote kamkoda ilikuwa navyo. Tulichukua zaidi ya miaka kumi kuvinunua tena, kipande kwa kipande, kila kipande kikitangazwa kama uvumbuzi. Simlaumu mtu kwa kuhama. Ningehama tena kesho asubuhi. Ninachokataa ni ile imani kwamba kila kamera mpya inakupeleka mbele kwa kila kitu. Hii ilitupeleka mbele kwa picha, na kwa mengine ikaturudisha mwanzo wa foleni.

Ndio maana, wewe uliye na elfu arobaini, usiweke zote kwa bodi. Bodi ya zamani yenye sensa ya ukubwa huu bado inatoa kina kile kile ambacho watu wa 2005 walikitafuta kwa bomba na kioo. Toa sehemu ya hizo pesa ununue maiki na kinasa sauti kidogo, na spika za masikio. Mtu husamehe picha yenye giza kidogo kama hadithi inasikika. Riverwood iliishi miaka mingi kwa kanuni hiyo.

Kumbukumbu

Hili la mwisho ndilo linanisumbua zaidi, na hakuna kampuni imelirudisha mpaka leo.

Kanda ilikuwa kitu. Ulirekodi, ukaandika kwa kalamu kwenye kibandiko, ukaweka kwa droo. Ilikuwa mahali pa kurekodia na mahali pa kuhifadhi kwa wakati mmoja. Kuirekodi upya ilikuwa uamuzi wa makusudi, na kulikuwa na kidude cha kusukuma kuzuia hilo. Kadi ni tofauti. Kadi ni ghali, kwa hivyo kazi ikiisha unahamisha kwa diski na kuifuta usiku huo ndio kesho ifanye kazi nyingine. Diski ikianguka, ikilowa, ikiibiwa Githurai, hakuna kanda ya kurudia. Naomba wasee wa umri wangu waniambie ukweli: una klipu asilia za kazi uliyofanya miaka mitatu iliyopita? Wengi wetu tuna kile tu kilichobaki YouTube, kimebanwa, kimekatwa, na kama akaunti itafungwa, hakipo.

Upande ule mwingine, kuna makabati mengi Kenya hii yenye kanda za MiniDV, Video8 na VHS-C. Harusi, mazishi, mahafali, mikutano ya kanisa, nyanya wakiongea lugha kwa namna ambayo hakuna mtu anaongea tena. Mashine za kuzisoma zinazidi kuharibika na hazitengenezwi tena. Kanda yenyewe inazeeka kwa unyevu na joto. Lakini nyingi bado zinasomeka leo, na saa moja ya DV ni kama GB 13 tu, unaweza kuibeba kwa flashi.

Kwa hivyo ile kamkoda kwa kabati ya mama, usiicheke. Tafuta betri au chaja yake, zunguka Luthuli uulize mafundi, na kama bado inazunguka, tumia hiyo kamkoda yenyewe kusoma kanda za nyumbani kwenu kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Zinakili mara mbili, diski mbili, nyumba mbili tofauti. Zile za DV zihamishe kwa FireWire kama utapata kompyuta ya zamani yenye hilo tundu. Yule mzee wa ruracio bado ana mashine yake na bado anapokea kazi za kuhamisha kanda. Kila mtaa una mtu kama yeye, na wengi wao hawako mtandaoni. Nendeni muwatafute, na mkifika muwalipe vizuri.